Kugombea umeya kwa kura za wachache: takrima, rushwa na hukumu yake

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2026, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliapishwa kuwa Meya wa New York mkono wake ukiwa juu ya Msahafu. Picha zile zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya misikiti yetu, na vijana wengi wakauliza: na sisi huku, lini? Tunaielewa furaha yao. Yapo katika misimamo ya ndugu yule tusiyokubaliana nayo kisheria, nalo tunalisema wazi, lakini hilo si la leo. La leo ni kwamba mfano wa New York unampotosha kijana wa Dodoma, Singida au Kondoa anayetamani kiti kama kile, kwa sababu njia ya kukifikia hapa kwetu ni nyingine kabisa.

Mamdani aliwaomba kura wakazi wa jiji lake, na zaidi ya watu milioni moja wakampa. Alizungumza nao habari za kodi za nyumba, nauli za mabasi na malezi ya watoto, mambo yanayomgusa asiye Mwislamu sawa na Mwislamu. Meya wa Dodoma haombi kura kwa mwananchi yeyote wa Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hilo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika karatasi ya kura yenye jina la mgombea umeya, isipokuwa awe mjumbe wa baraza.

Tuueleze utaratibu, maana tumegundua kuwa hata baadhi ya maimamu wetu hawaufahamu. Mwananchi humchagua diwani wa kata yake. Madiwani wa kata, pamoja na wa viti maalumu na wabunge ambao ni wajumbe wa baraza, hukutana baada ya uchaguzi mkuu na kumchagua mmoja wa madiwani awe meya kwa miaka mitano. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka. Meya ni wa jiji au manispaa. Mji mdogo kama Kondoa una halmashauri ya mji, na anayeiongoza huitwa mwenyekiti, ila namna ya kumpata ni ileile na uzito wa amana ni uleule.

Sasa tuhesabu vichwa. Jiji la Dodoma lina kata 41. Mji wa Kondoa una kata 8. Ukiongeza viti maalumu na mbunge, wapiga kura wote wa kumchagua mwenyekiti wa Kondoa wanaweza kupakiwa kwenye Hiace moja. Tena kura ya barazani mara nyingi ni ya kukamilisha tu. Baraza likiwa na madiwani wa chama kimoja, au wa chama kimoja wakiwa wengi mno, uchaguzi wenyewe unakuwa umekwisha siku chache kabla, kwenye kikao cha madiwani wa chama hicho, ambako jina moja hupitishwa. Wala hakuna njia ya pembeni, kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi nchini. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa ushindi mwaka 2013, na sheria ikabaki kama ilivyokuwa. Anayetaka umeya lazima apite kwenye chama mara mbili: kwanza apate udiwani, kisha apitishwe na madiwani wenzake.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliacha misiba na majonzi katika miji mingi, na tumekwisha kuwaombea marehemu na wafiwa. Hapa tunaushika uzi mmoja tu, wa hawa watu wachache wanaoamua kiti cha meya, na swali ambalo wanaotaka kugombea hutuuliza kwa kunong'ona: bila kutoa chochote hupiti, je, sheria inasemaje?

Anayeuliza hivyo si lazima awe mtu mbaya. Wengi ni walimu, wafanyabiashara wa alizeti na mbaazi, vijana waliosoma, wenye nia ya kuona zahanati ya kata yao ina dawa. Lakini tazama hesabu iliyo mbele yao. Ukitaka kuhonga watu laki moja utafilisika. Ukitaka kuhonga watu kumi na wawili, unaweza kuuza kiwanja kimoja ukamaliza kazi. Uchache wa wapiga kura unamfanya kila mmoja wao awe na bei, naye anaijua. Mwanzoni mwa 2016 uchaguzi wa Meya wa Dar es Salaam uliahirishwa zaidi ya mara moja kwa ugomvi wa nani ni mjumbe halali na nani si halali, kwa sababu wajumbe wachache wangeweza kuligeuza jiji zima. Ndipo Machi 22 Isaya Mwita wa Chadema akashinda. Mabaraza yana uwezo pia wa kumwondoa waliyemweka kabla ya muda wake kwisha. Kwa hiyo aliyeingia kwa kununua hawezi kusema amemaliza kulipa.

Wenzetu wa Kenya waliishi na utaratibu huu wa madiwani kuchagua meya kwa miongo mingi, na vituko vyake vinakumbukwa hadi leo. Katiba yao ya 2010 iliufuta. Tangu Machi 2013 magavana wa kaunti, Mombasa ikiwemo, wanachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Hatusemi rushwa imekwisha Kenya, na wala hakuna Mkenya atakayetuamini tukisema hivyo. Ila mgombea wa kule analazimika angalau kusimama juani mbele ya watu wake.

Turudi kwenye hesabu. Posho ya mwezi ya diwani kwa miaka mingi ilikuwa Sh350,000. Kwa miezi 60 hiyo ni Sh milioni 21. Mtu akitumia milioni 30 kuutafuta udiwani na kiti kilicho juu yake, hata mtoto wa madrasa atauliza zile tisa zinarudi kutoka wapi, achilia mbali chakula cha watoto wake kwa miaka mitano. Zitarudi kutoka kwenye kiwanja, kwenye zabuni ya ushuru wa soko, kwenye kibali cha ujenzi. Dodoma hili lina uzito wa pekee. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA tuliyoijua tangu 1973, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake za ardhi zikahamia manispaa, ambayo Aprili 26, 2018 ikatangazwa kuwa jiji. Serikali nzima ilikuwa ikihamia huku, na kila kipande cha ardhi kikipanda thamani. Meya hatii saini hundi, kwa kuwa mtendaji mkuu ni mkurugenzi anayeteuliwa na Rais. Lakini meya ndiye anayeongoza baraza na kamati ya fedha, na mambo makubwa ya jiji hupita kwenye meza hizo mbili.

Yapo pia yanayotuhusu sisi moja kwa moja kama Waislamu, nayo hatuyazungumzi vya kutosha. Ramani ya mji ndiyo inayotenga viwanja vya nyumba za ibada na eneo la makaburi. Machinjio ni ya halmashauri. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, kwa utaratibu wa serikali yenyewe, haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Kina mama zetu wanaokimbilia mikopo ya kausha damu yenye riba ya kila wiki wana mlango wa halali ofisi ya kata, na diwani anayejua kazi yake ndiye wa kuwaonyesha. Akiwa amenunuliwa, mikopo ile itakwenda kwa vikundi hewa vya wapambe wake. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la dini pia, kwa anayedhani ni la wanasiasa peke yao.

Sasa hukumu, na tuanze na kugombea kwenyewe. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdurrahman bin Samura (R.A.) kuomba uongozi, akamweleza kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mwenyewe, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Imepokewa pia kuwa watu wawili wa kabila la Abu Musa al-Ash'ari waliomba kazi ya uongozi, naye akawajibu kuwa hampi kazi hiyo anayeiomba. Na Abu Dharr (R.A.), pamoja na ubora wake wote, aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo na kwamba hiyo ni amana.

Upande wa pili yupo Nabii Yusuf (A.S.) katika Sura Yusuf aya ya 55, aliyemwomba mfalme amkabidhi hazina za nchi, akataja sababu mbili: kuhifadhi na kujua. Yupo Uthman bin Abil-As aliyeomba kuwa imamu wa watu wake akakubaliwa, kama alivyopokea Abu Daud. Wanazuoni walizikusanya dalili hizi wakasema: katazo ni kwa anayetaka cheo kwa ajili ya cheo, au asiye na uwezo. Mwenye uwezo anayeona haki za watu zitapotea akikaa kimya anaruhusiwa kujitokeza, na huenda ikampasa. Ibn Taymiyya aliutumia mfano wa Yusuf kueleza kuwa mtu anaweza kushika kazi chini ya utawala usiohukumu kwa sheria yote ya Allah, akafanya uadilifu ule alioweza. Wapo ndugu wasioikubali rai hiyo, tunawaheshimu. Sisi tunaiona ina nguvu, hasa kwa kazi ya halmashauri ambayo sehemu yake kubwa ni maji, masoko, barabara za mitaa na usafi.

Kwa hiyo kuchukua fomu si haramu. Haramu inaingia pale anapouliza: nitoe?

Hoja inayoletwa na wagombea, na wengine wanaileta wakiwa wamefunguliwa kitabu, ni kwamba wanazuoni wengi wamemruhusu aliyezuiwa haki yake kutoa kitu ili aipate, na dhambi ikabaki kwa anayepokea. Ni kweli wamesema hivyo, lakini maneno yao ni juu ya haki iliyothibiti. Mtu ana hati yake ya kiwanja, karani ameikalia, hana njia nyingine. Umeya si haki ya mtu yeyote kabla hajapewa. Ni amana iliyo mikononi mwa wenye kupiga kura, nao wanatakiwa waipeleke kwa anayestahiki. Ukitoa pesa ili uipate, hukuokoa haki yako, umeinunua amana ya watu. Hata ukiwa wewe ndiye bora kuliko wagombea wote, ubora huo haujakumilikisha kiti. Laana ya mtoa rushwa na mpokea rushwa, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.), inabaki juu ya wote wawili. Riwaya inayomwongeza mtu wa kati iko kwa Ahmad, na wapokezi wake wamesemwa. Lakini kusaidia katika dhambi kumekatazwa na Qur'ani yenyewe, kwa hiyo mpambe anayebeba bahasha asijifariji kwa udhaifu wa sanadi.

Wengine hubadilisha jina. Tunalo neno letu, takrima, lenye asili ya Kiarabu, la kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa, na kumkirimu mpiga kura kwa nia njema, kwa mujibu wa desturi, kukaacha kuhesabiwa kuwa rushwa. Mashirika ya haki za binadamu yalikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vile kwa kuwa ni kinyume cha Katiba: vinambagua mgombea maskini na kufungua mlango wa rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikatungwa upya mwaka 2007, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Pamoja na hayo neno lenyewe halijafa. Bado utasikia diwani akisema, "Si rushwa, amenikirimu tu, ni ndugu yangu."

Jibu lake lilikwisha kutolewa Madina. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili, moja akasema ni lenu, la pili nimepewa zawadi mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akahoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama angeletewa zawadi hiyo. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Humayd as-Sa'idi. Ni kipimo ambacho diwani yeyote anaweza kukitumia akiwa peke yake. Sukari, mchele, nauli, chumba cha hoteli Dodoma mjini usiku wa kabla ya kikao: je, ungeletewa mwaka jana, ulipokuwa huna kura? Umar bin Abdulaziz alikataa zawadi akiwa khalifa, na alipokumbushwa kuwa Mtume (S.A.W.) alipokea zawadi, akaeleza kuwa zilizokuwa zawadi zama zile zimekuwa rushwa kwa viongozi wa leo. Yeye alikuwa khalifa, na karne ilikuwa bado ya mwanzo mwanzo.

Kipimo hicho hicho kiguse misikiti yetu, na hapa tutasema jambo ambalo kamati nyingi hazitalipenda. Kila karibu na uchaguzi mazulia mapya hutandikwa, spika hununuliwa, mifuko ya saruji hushushwa, na Ramadhani ikiangukia karibu na kura za maoni futari huwa nono. Mgombea hutambulishwa baada ya swala ya Ijumaa, akaombewa dua. Hatusemi sadaka ya mwanasiasa ni haramu. Aliyekuwa akitoa miaka yote aendelee kutoa, na Allah amlipe. Lakini anayekuja mara ya kwanza mwezi wa kura za maoni amekuja na mahesabu, na kamati inayopokea imekubali kuwa sehemu ya mahesabu hayo. Rai yetu ni kwamba kamati ziweke utaratibu wa kutopokea kitu kwa mgombea tangu anapotangaza nia mpaka matokeo yatoke, wala kumpa kipaza sauti. Zulia la zamani linaswalika.

Kuna na wale wanaosema: mradi ni Mwislamu, tumuunge mkono, mengine tutayarekebisha ndani. Tunaufahamu uchungu unaozaa maneno hayo, maana historia ya Waislamu wa nchi hii katika nafasi za elimu na uongozi tumeiandika mara nyingi. Lakini mwenzetu aliyeingia kwa bahasha atatoka kwa aibu, na aibu hiyo haitaandikwa jina lake peke yake. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliieleza kura kuwa ni ushahidi, tena ni kumwombea mtu na kumfanya wakili. Ukishuhudia kuwa fulani anafaa ilhali unajua hafai, umetoa ushahidi wa uongo, na hapo hulindwi na jina lake la Kiislamu.

Kwa mwananchi wa kawaida, ushahidi wake unatolewa mapema kuliko anavyodhani. Siku ya kumchagua meya yeye yuko nje ya ukumbi. Ushahidi wake ulikuwa kwenye kata, na kabla ya hapo kwenye kura za maoni za chama kama ni mwanachama. Waislamu wengi wa kanda ya kati hawashiriki hatua hiyo kabisa, kisha miaka mitano wanalaumu. Wakimchagua diwani kwa ajili ya kanga na kilo mbili za sukari, wasishangae naye akiuza kura ya umeya kwa bei kubwa zaidi. Amejifunza kwao.

Limebaki swali la diwani aliyekwisha kupokea. Wengine huchukuliwa kiapo, hata cha Msahafu, kwamba kura yao ni ya fulani, kisha wakija kutubia wanajiona wamefungwa. Hawajafungwa. Ile hadithi ya Abdurrahman bin Samura tuliyoitaja juu, iliyomkataza kuomba uongozi, inaendelea kwa kumwambia kuwa ukiapa kisha ukaona lililo bora kuliko uliloapia, toa kafara ya kiapo chako na ufanye lililo bora. Mambo mawili katika maneno ya kikao kimoja, uongozi na kiapo! Kafara yake iko katika Sura al-Maida aya ya 89: kulisha maskini kumi chakula cha wastani unacholisha nyumbani kwako, au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Kumwacha huru mtumwa, iliyotajwa pia katika aya, leo haipo.

Pesa si yake. Wanazuoni wametofautiana kama airudishe kwa mtoaji au aipeleke kwenye maslahi ya umma, kwa kuwa mtoaji naye aliitoa kwa maasi. Kama siku ya kura haijafika, tunaona airudishe, ili aliyempa ajue hakuna deni. Kama kura imepita na mtoaji amekwisha kupata alichotaka, aitoe kwa maskini au kazi ya umma bila kutegemea thawabu ya sadaka, na isiwe kwa msikiti anaoswali yeye akaonekana. Kisha aende kwenye baraza apige kura kwa anayemwona ana uwezo na uaminifu. Kura hiyo ni ya siri, na aliyempa bahasha hatakuwa naye kwenye kijumba cha kupigia. Wallahu aalam.